Kabla ya Kupaka Andakoti, Tazama Chuma

Mvua ya masika inapokaribia, swali linaloletwa zaidi kwenye kibanda chetu cha kazi ya bodi pale Kariobangi Light Industries huwa ni lile lile: "Fundi, nipake andakoti ama niache?" Anayeuliza anaweza kuwa mwalimu wa Donholm mwenye Fielder, kijana wa Pipeline anayeendesha teksi ya kuitwa kwa simu, au mama wa Umoja ambaye gari lake limetoka bandarini juzi. Wote wameona njia za ndani za mitaa yetu zikigeuka mito, na wote wameambiwa na mtu kwamba ile rangi nyeusi nzito inayopulizwa chini ya gari ndiyo kinga.

Mimi husema: nitakujibu nikishalala chini ya gari lako. Andakoti ni kinga nzuri kwa chuma kisafi na kikavu. Ikipakwa juu ya kutu, matope na chumvi, inafungia ndani adui yule yule ambaye mwenye gari amelipa afukuzwe. Nimekwangua magari mengi ya namna hiyo, nikakuta bati limebaki jembamba kama karatasi nyuma ya weusi unaong'aa, na ndiyo sababu naandika haya.

Kutu hula vipi

Kutu huhitaji vitu vitatu vikutane: chuma, maji na oksijeni. Ondoa kimoja, nayo husimama. Chumvi si lazima iwepo, lakini ikiwepo kazi hukimbia, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kuliwa kwa chuma ni safari ya umeme mdogo kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine. Halafu kuna ubaya wa pili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huvimba, huinua rangi iliyo juu yake na kufungua chuma kipya. Aluminiamu ikipata utando wake, utando huo huilinda. Utando wa chuma ni vumbi lenye vitundu, linalonyonya maji na kuyashika.

Viwanda vinalijua hilo. Tangu miaka ya 1970 imekuwa desturi bodi ya gari kuzamishwa nzima katika hodhi la rangi huku umeme ukiivuta rangi hiyo hadi kwenye pembe na mifereji ambayo bunduki ya kupulizia haifiki. Magari mengi ya sasa yana bati lililopakwa zinki, na ndani ya madigadi na kwenye ukingo ulio chini ya milango hupigwa tabaka la plastiki laini la kupokea mawe. Kwa hiyo gari lenye kinga ya kiwandani ambayo haijajeruhiwa halikuja uchi. Tunachoongeza sisi ni nguo ya pili. Panapoanza kuoza ni pale kinga ya kwanza ilipovunjika: maungio yaliyochomelewa, kingo zilizokatwa, mahali pa kuwekea jeki, na kila sehemu iliyopigwa na jiwe.

Chumvi iliyokuja na meli

Nairobi hatumwagi chumvi barabarani. Mtu akisikia hivyo hudhani kutu ni shida ya nchi za theluji na yeye haimhusu. Lakini jiulize gari lako lilikaa wapi kabla halijawa lako.

Magari mengi ya mitaa yetu yalianzia Japani. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza Kenya gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na miaka minane ni muda wa kutosha kuharibu chuma kama gari liliishi Hokkaido, Aomori, Akita au Niigata, ambako theluji huanguka kila mwaka. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kukomesha matairi yenye misumari ya chuma, kwa sababu yalikuwa yakisaga lami na kuwajaza watu vumbi vifuani. Barabara zikawa na utelezi zaidi, na chumvi ya kuyeyusha barafu ikaanza kumwagwa kwa wingi kuliko zamani. Gari la huko huoga maji ya chumvi majira yote ya baridi, kisha hupanda meli, kisha husubiri kwenye yadi za Mombasa katika upepo wa bahari.

Chumvi hiyo haiishi kwa kuvuka Mtito Andei. Hujificha katikati ya mabati mawili yaliyoungana na ndani ya vishimo vya kutu ya zamani, na ile iitwayo kalisiamu kloraidi huvuta unyevu kutoka hewani hata mvua isiponyesha. Ukifika mwezi wa Julai, mawingu yanapokaa juu ya Nairobi wiki nzima, bati lenye chumvi hiyo halikauki. Unaona jua la Kenya ukadhani uko salama, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo sababu namwambia mtu anayenunua gari la Japani adai karatasi ya mnada. Katika minada mingi ya huko, mkaguzi huchora gari kwa juu na kuweka herufi: S ni kutu, C ni bati lililoanza kuliwa, na namba inayofuata ikiongezeka, hali imezidi. Pengine huandikwa maelezo kwamba chini kuna kutu. Muuzaji anayesema karatasi imepotea amekupa sababu ya kulipandisha gari kwenye rampu kabla ya kutoa pesa. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kinasema gari lilifaa kutembea siku ile. Hakisemi ukingo wa chini utadumu miaka mitano.

Anayedhani kutu hula mkebe wa bei ndogo peke yake akumbuke kilichotokea Marekani. Mwaka 2016 Toyota ilikubali suluhu ya kesi kuhusu chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu. Ilihusu magari yapatayo milioni 1.5, na thamani yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Chasisi ni boriti zenye uwazi ndani, na maji ya chumvi yakiingia humo hula kutoka ndani kuja nje. Ungeweza kupaka upande wa nje mara kumi na usiguse ugonjwa.

Matope yetu, maji yetu

Tukiacha ya Japani, Eastlands, upande huu wetu wa Nairobi, ina maadui wake. Kuanzia Embakasi kwenda Utawala, Mihang'o na Ruai, ardhi ni udongo mweusi wa pamba. Udongo huu huvimba ukinyonya maji, hunata kama gundi, na huchelewa sana kukauka. Ukipita nao jioni ya mvua, hujibana ndani ya madigadi na juu ya sehemu za kuning'inizia magurudumu, ukakaa pale na unyevu wake wakati boneti limeshaoshwa linameta. Hali kadhalika huziba matundu madogo yaliyowekwa na kiwanda chini ya milango na kwenye ukingo ili maji yatoke. Tundu likizibwa, ukingo hugeuka birika. Mlango ukianza kuoza kutoka chini, karibu kila mara nimekuta tundu lililozibwa.

Yapo pia maji machafu yanayofurika kutoka mabomba ya taka, ambayo wakazi wa mitaa kadhaa huyapita asubuhi na jioni. Na yapo mafuriko. Yale ya Aprili na Mei 2024 yaliingiza maji hadi kwenye viti vya magari yaliyokuwa yameegeshwa. Gari la namna hiyo sakafu yake huoza kutoka juu, chini ya zulia, kwa sababu sifongo iliyo chini ya zulia hushika maji kwa wiki nyingi. Andakoti ya upande wa chini haina la kufanya hapo. Dawa ni kung'oa viti, kutoa zulia na kuanika.

Kazi ya gari nayo huamua. Pikapu zinazoleta samaki Gikomba hudondosha maji ya barafu na ya samaki kwenye sakafu ya nyuma kila siku, na nyingi huoza kuanzia pale maji yanapotiririkia. Matatu za njia ya Jogoo Road huoshwa ndani na nje kwa mpira wa maji, na bodi zake nyingi zimeundwa hapa hapa nchini kwa bomba za mraba na mabati. Mahali bomba ilipochomelewa, moto uliunguza rangi ya upande wa ndani na hakuna aliyeirudisha.

Weusi wa aina tatu

Wateja husema "andakoti" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye vibanda vyetu ninaona vitu vitatu.

Cha kwanza ni lami iliyochanganywa na mpira. Hukauka ikawa ngumu, hupunguza kelele za changarawe na hupokea mawe vizuri. Inafaa gari jipya au chuma kilichosafishwa hadi kikawa cheupe. Udhaifu wake ni kwamba joto la egzosi na mtikisiko wa barabara huipasua kadiri miaka inavyokwenda. Ufa mwembamba huingiza maji, na tabaka nene huyazuia kutoka. Kwa nje huoni chochote. Ni sawa na kufunga kidonda bila kukiosha.

Cha pili ni nta au mafuta mazito, pamoja na yale ya lanolini, mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo. Haya hubaki laini. Yakikwaruzwa hujisogeza na kuziba, na yakiwa mepesi hupenya kwenye maungio na kusukuma unyevu. Mwaka 1959 huko Detroit, fundi Kurt Ziebart alianzisha biashara iliyokuja kujulikana duniani kwa kutoboa vitundu na kupulizia kinga ndani ya nafasi zilizofichika za bodi. Alilenga mahali ambapo gari hufia. Kwa gari la mtumba, aina hii ndiyo ninayoipendelea. Gharama yake ni kwamba hushika vumbi na inatakiwa kuongezwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, maana mchanga na maji huikwangua.

Cha tatu ni oili chafu iliyotolewa kwenye injini, pengine ikichanganywa na lami na petroli kidogo. Hii naikataa kabisa. Hulainisha na kuvimbisha bushi na buti za mpira, hudondokea breki, na ina masalia ya metali na asidi kutoka kwenye injini. Ikikugusa ngozi kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ngozi. Sheria za mazingira za Kenya zinaihesabu kuwa taka hatari. Inayodondoka Kariobangi hubebwa na mvua hadi Mto Nairobi, ikaingia Mto Athi, na kuna watu na mashamba njia nzima hadi baharini. Kijana anayejifunza kazi akiambiwa aipulize akiwa amelala chini bila miwani wala kinyago, anayemtuma anamdhulumu.

Kazi ikifanywa sawasawa

Miezi bora kwetu ni Januari na Februari, jua likiwa kali na hewa kavu. Wengi hutujia mvua ikishaanza, au Julai kwenye baridi, na hapo ni vigumu kuapa kwamba chuma kimekauka.

Kwanza ni kuosha chini, kwa maji mengi yenye nguvu, madigadi yakiwa yametolewa vifuniko vyake vya plastiki. Fundi afuate kila mfereji na kila tundu la kutolea maji, alizibue kwa waya laini. Kwa gari lililotoka Japani karibuni, uoshaji huu urudiwe, kwa kuwa nia ni kutoa chumvi na chumvi haitoki kwa kurushiwa maji mara moja.

Pili ni kukausha. Siku mbili za jua si nyingi. Upepo wa kompresa husaidia kwenye maungio.

Tatu ni kugonga. Mwalimu wangu wa kazi, mzee aliyenifundisha Shauri Moyo, alikuwa akipita chini ya gari lote akigonga kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine mpini huzama. Agonge mahali pa jeki, ukingo wa chini ya milango, sehemu shoko za nyuma zinapofungiwa, chumba cha tairi la akiba na mikanda inayobeba tangi la mafuta. Paipu za breki azitazame kwa tochi urefu wake wote, kwani paipu iliyoliwa haikarabatiwi kwa rangi. Inabadilishwa.

Nne ni kutibu. Kutu inayobanduka itolewe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane. Kutu iliyobaki kwenye vishimo ipakwe dawa yenye asidi ya fosfori, inayoigeuza kuwa utando mgumu uliotulia. Kisha praima, ikiwezekana yenye zinki. Penye tundu, bati lililooza likatwe na jipya lichomelewe. Anayejaza tundu la ukingo kwa puti na kulipaka weusi ameficha hatari, kwa maana sehemu hiyo hubeba uzito wa gari na hulinda watu likigongwa ubavuni.

Baada ya hayo yote ndipo bunduki ya kupulizia iwashwe. Diski za breki, egzosi, propela, buti za mpira, nyaya na sensa za magurudumu vifunikwe kwa karatasi. Lami kwenye egzosi hutoa moshi na inaweza kushika moto, na uzito usio sawa kwenye propela huleta mtikisiko. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi.

Nasema na hili kwa mafundi wenzangu na kwa wenye magari wanaopenda kujifanyia: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Liweke kwenye stendi za chuma, mahali pagumu na tambarare. Udongo mweusi ukilowa, jeki huzama.

Weusi mpya kwenye gari linalouzwa

Ukienda kununua gari, iwe ni kwenye yadi au kwa mtu mtaani, ukakuta juu limechakaa kwa umri wake lakini chini ni jeusi tititi, bado lina harufu ya lami, shuku. Huenda mwenye gari ni mwangalifu. Huenda pia kuna jambo limefunikwa. Uliza lilipakwa lini, na nani, na kama kuna picha za chuma kabla ya kupakwa. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: kwenye bati hushika, kwenye puti huanguka. Inua zulia la buti. Gonga. Muuzaji akikataa usigonge, ondoka.

Basi, nani apake?

Mwenye gari jipya kabisa, au la mtumba lenye kinga ya kiwandani iliyo nzima, anayetembea kati ya Buruburu na mjini kwa lami, sioni haja ya kutoa pesa zake kwa andakoti. Aoshe chini mvua ikiisha, mara mbili kwa mwaka, azibue matundu, na akaguliwe. Hilo peke yake litamfikisha mbali.

Mwenye gari lililotoka sehemu za theluji, aoshe, akaushe, atibu, kisha apake nta au lanolini hadi ndani ya ukingo na boriti. Vivyo hivyo anayelala Utawala au Ruai kwenye matope, anayesafiri Mombasa na Malindi kila mara, na anayebeba samaki au anayekwenda Magadi kwenye magadi soda. Hao kinga hiyo itawarudishia gharama yake, maadamu wataiongeza kwa wakati.

Mwenye gari ambalo bisibisi imezama asipake chochote. Achomelee kwanza, au akubali kwamba gari limefika mwisho wake. Pesa za andakoti hapo zinanunua ujasiri wa uongo kwa abiria wanaokaa nyuma, na mara nyingi hao ni watoto.

Kazi hii imeharibiwa na kupulizwa haraka. Mteja hutaka gari jioni, fundi hutaka mteja asiende kibanda cha jirani, na kati yao chuma hufungiwa na maji yake. Pande zote mbili tunaweza kulirekebisha. Mteja na adai picha za chuma kisafi kwenye simu yake kabla ya tone la kwanza kupulizwa. Fundi na akatae kupuliza juu ya unyevu, hata kama ataitwa mvivu. Na bei ipangwe upya: kuosha, kukausha na kugonga vilipwe kama kazi kamili, kwa sababu ndivyo vinavyoliokoa gari. Kupuliza ni kazi ya saa moja tu.